UONGOZI KAZINI NI AMANA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Jumuiya yetu mjini Juba, katika mkutano wa kumbukumbu, baada ya sala ya Isha)

Bismillahi Rahmani Rahim.



Ama baad. Bwana Mwenyekiti aliponijia wiki tatu zilizopita akanitaka nizungumze mbele yenu usiku huu, nilimjibu kuwa mimi si mwanachuoni wala si msemaji. Mimi ni mtu wa ghala, na lugha yangu ni lugha ya mizani na daftari. Akaniambia kuwa hiyo ndiyo sababu ya kunitaka. Akanieleza kwamba katika mwaka huu vijana wetu watatu wamepewa uongozi katika kazi zao: mmoja amefanywa mwalimu mkuu wa shule, wa pili amewekwa kuwa mkuu wa wauguzi katika zahanati, na wa tatu amepewa usimamizi wa karakana ya magari. Kila mmoja wao, kwa wakati wake na kwa siri yake, alimwendea Mwenyekiti akamwambia maneno yaliyokaribiana: kwamba cheo amekipata, lakini usingizi umempotea.

Basi nimekuja kusema na watu hao watatu, na wengine watakaowafuata, inshallah. Nyinyi wengine nawaomba mnivumilie, maana mbele ya maneno haya lipo fungu lenu pia.

Ndugu zangu, wahenga wamesema cheo ni dhamana. Neno hili tumelizoea mno hata halitushtui tena. Lakini hebu tulitazame kwa mifano miwili tunayoijua sote tangu chuoni. Nabii Yusuf (A.S.) alipotolewa gerezani, alimtaka mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, naye akataja sifa mbili tu za kumfaa kwa kazi ile: kwamba ni mlinzi, na kwamba ni mjuzi. Alitaka, akapewa. Kisha katika zama za Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), sahaba mtukufu Abu Dharr aliomba apewe utumishi wa namna hiyo. Mtume alimpiga begani kwa mapenzi, akamwambia kuwa yeye ni dhaifu, na kwamba jambo lile ni amana, na siku ya Kiyama litakuwa fedheha na majuto, ila kwa aliyelichukua kwa haki yake na akatimiza yaliyompasa.

Tazameni sana, ndugu zangu. Ucha Mungu wa Abu Dharr haukuwa na shaka hata kidogo, na wala Mtume hakumlaumu kwa dhambi yoyote. Alimkataza kwa sababu wema ni jambo moja, na kuweza kuchukua mzigo wa watu ni jambo jingine. Mimi nilipopewa mzigo wangu sikuyajua hayo. Nilidhani kuwa kwa kuwa nasali, sili rushwa na hesabu zangu ziko sawa, basi nimekwisha kuwa kiongozi. Nitakuelezeni jinsi nilivyojua vingine, nami nakuombeni msinicheke ila mwishoni.

Nimezaliwa Mombasa. Nilikuja Juba nikiwa karani wa ghala katika kampuni ya uchukuzi, ambayo malori yake hupakia bandarini Mombasa, hupita Malaba na Tororo, hushika njia ya Gulu hadi Elegu, huvuka mpaka Nimule, kisha humaliza kilomita 192 za lami mpaka hapa mjini. Nimefanya kazi ile miaka mingi, kabla na baada ya Sudani Kusini kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Mwanzoni mwa mwaka 2021 mkuu wetu alihamishiwa Kampala, na mimi nikawekwa mahali pake. Toka siku ile wachukuzi wakaacha kuniita kwa jina langu, wakaniita Mudir. Nakiri kwenu kuwa neno lile lilikuwa tamu masikioni mwangu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Palikuwa na mzee mmoja katika ghala lile, mtu wa Kibari, Mkristo, msimamizi wa wachukuzi. Alikuwapo kabla yangu, na kabla ya mkuu aliyenitangulia. Katika Julai 2016, risasi zilipolia mjini, sisi wageni tulitoka kwa njia ya Nimule na kila mtu na mfuko wake mgongoni. Mzee yule hakuwa na pa kwenda. Alijifungia ghalani na funguo kiunoni, akala maharagwe makavu yaliyolowekwa katika maji, na tuliporudi tukalikuta ghala limefungwa kama tulivyoliacha. Mwenye kampuni alimpa ahsante na fungu la fedha. Lakini cheo kilipopatikana hakupewa yeye, nilipewa mimi. Kwa sababu mimi naandika Kiingereza na najua kutumia kompyuta, naye kalamu yake ni kumbukumbu.

Siku niliyotangazwa, mzee alinipa mkono akanipongeza. Mimi niliuchukua mkono wake kama mtu achukuaye haki yake, wala sikumwambia neno lililompasa.

Mtakumbuka kuwa tarehe 1 Februari 2021 serikali ilirudisha saa nyuma kwa saa moja, nchi ikaachana na saa ya Nairobi na Kampala. Nasi tulikuwa tukifanya kazi na Kampala kila siku. Huko ilipokuwa saa mbili ya asubuhi, hapa ilikuwa saa moja, na lango letu bado limefungwa. Simu zikalia, malori yakasimama nje. Nikaketi peke yangu ofisini nikaandika amri kwamba wachukuzi wote waingie kazini kwa saa ya Kampala. Sikumwuliza mtu. Sikujua kwamba wengi wao hutoka mbali, huko Gudele, kwa miguu, na kwamba amri yangu iliwatoa majumbani mwao katika giza, na mji wetu mwaujua wakati wa giza. Waliitika, "Ndiyo, Mudir," kisha wakaja kazini kwa saa ya jua, kama walivyokuja siku zote. Nikawakata ujira. Ghala likanyamaza. Nami nikaufikiri ukimya ule kuwa ni adabu.

Ndugu zangu, ukimya wa watu walio chini yako ndilo jambo la kwanza ambalo kiongozi mpya hana budi kuliogopa. Mtu akupingaye bado ana matumaini nawe. Mtu anyamazaye amekwisha kukuhesabu katika mambo yasiyotengenezeka, kama jua kali au kodi.

Baada ya miezi miwili nilitaka kupanua uwanja ili malori yapate kugeuka. Nikaamrisha saruji iondolewe upande wa juu, ipangwe chini ya ukuta wa upande wa mto. Katika mkutano wa asubuhi mzee alinyanyua mkono. Alikwisha kusema, "Mudir, ukuta ule..." nami nikamkata neno lake, nikamwambia kuwa jambo limekwisha kuamuliwa. Akaushusha mkono. Hakuunyanyua tena.

Mvua za kwanza za mwaka ule zilinyesha usiku. Maji yalishuka uwanjani, yakapita chini ya lango, yakatulia palepale nilipoamrisha saruji iwekwe. Asubuhi zaidi ya mifuko 200 ilikuwa imekwisha kunywa maji. Nyinyi wajenzi mwajua kuwa saruji iliyolowa haikaukii kuwa saruji tena. Huwa jiwe, na jiwe lile halina mnunuzi.

Sasa nafikia jambo ambalo sijapata kulisimulia mbele ya watu. Kampuni ilitaka taarifa. Niliketi nikaandika kwamba mlinzi wa usiku hakufunika saruji kwa maturubai kama ilivyompasa. Maneno yale hayakuwa uwongo mtupu. Maturubai yalikuwapo, naye kweli hakuyafunika. Lakini kama angeyafunika, maji yale yalikuja kwa chini, si kwa juu, na turubai lisingezuia kitu. Mimi nililijua hilo, na huko Kampala hakuna aliyelijua. Mlinzi yule alikuwa na watoto watano, hajui kusoma, na asingejua kamwe ni maneno gani yaliyomfukuza kazi. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, muhuri ulikuwa mezani mwangu, na shahidi hapakuwa ila Mwenyezi Mungu.

Nilikwenda kusali Isha na taarifa ile ikiwa mfukoni mwangu, imekunjwa. Nami nakuambieni kwamba sala ile sikuisali. Niliinama na kuinuka tu. Nikarudi nyumbani nikajilaza hata alfajiri ikakaribia. Kisha nikaondoka, nikaichana, nikaandika nyingine yenye mistari minne: kwamba saruji iliharibika kwa sababu iliwekwa mahali pa maji, kwamba niliyeamrisha ni mimi, kwamba nilionywa nikakataa kusikia, na kwamba mlinzi hana kosa. Nikaipeleka kabla ya jua kuchomoza, ili nisipate nafasi ya kuwa mwerevu.

Asubuhi ile niliwakusanya watu wote uwanjani, nikamwomba mzee radhi mbele yao. Nikamwambia, "Mzee wangu, jana ulitaka kunena nikakuzuia. Naomba unisamehe, na naomba unene leo." Alinitazama kitambo kirefu. Kisha akasema kwa Kiarabu cha Juba maneno ambayo nitayatia katika Kiswahili: kwamba mvua hainitii mimi, wala haimtii yeye, tofauti yetu ni kwamba yeye anaijua njia yake.

Kampuni ilinikata mshahara kwa miezi sita, na haki yao. Lakini sikilizeni lililonipata badala yake. Siku ya tatu, mchukuzi mmoja alinijia akaniambia kuwa mizani ya mlango wa pili haisemi kweli, imekuwa hivyo tangu mwaka juzi. Wiki ya pili, dereva mmoja alinieleza ni wapi njiani mafuta hupungua. Na jambo la saa, lililonishinda kwa amri, mzee alilitengeneza kwa dakika kumi: akachagua watu wanne wakaao karibu na ghala, wao waingie mapema kwa ridhaa yao, na wao watoke mapema. Ujira niliowakata wenziwe nikaurudisha. Hapo ndipo nilipoanza kazi yangu. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa nimekalia kiti tu.

Basi katika kisa hiki nimeokota mambo machache, nami nayaweka mbele ya hao vijana wetu.

La kwanza ni kuuliza kabla ya kuamrisha. Kuuliza si ujinga. Sayyidna Abubakar (R.A.) alipopewa ukhalifa, alisimama akawaambia watu kuwa amewekwa juu yao naye si mbora wao, akitenda mema wamsaidie, na akipotoka wamnyoshe. Hayo aliyanena siku ya kwanza, kabla hajakosa lolote. Alifungua mlango wa kuambiwa mapema, wakati ambapo kuufungua hakukumpunguzia kitu. Wengi wetu huufungua mlango huo baada ya mvua.

La pili ni adabu kwa aliyekutangulia. Mkuu wangu wa zamani, kutoka Kampala, alikuwa akinipigia simu kila siku kuniuliza hili na lile, nami nikichukizwa, nikihisi kuwa hajakiacha kiti. Katika siku hizo nilimkumbuka Mzee Ali Hassan Mwinyi, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyefariki tarehe 29 Februari 2024. Yeye alishika urais wa Tanzania tarehe 5 Novemba 1985, akimfuata Mwalimu Julius Nyerere, aliyeiongoza nchi ile tangu uhuru. Na Mwalimu hakwenda mbali: alibaki kuwa Mwenyekiti wa chama kilichotawala mpaka mwaka 1990. Fikirini hali ile! Rais mpya anaketi ofisini, na aliyemtangulia, baba wa taifa, bado anaketi juu ya chama. Maduka yalikuwa matupu, sabuni na sukari ni vya kutafutwa, na nchi inadaiwa. Mzee Mwinyi alilazimika kubadili mengi ambayo mtangulizi wake aliyajenga: alilegeza biashara, akaruhusu bidhaa kuingia, na mwaka 1986 serikali yake ikapatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, hata watu wakamwita Mzee Rukhsa. Lakini hakuyafanya hayo kwa kumtukana aliyemtangulia, wala hakutaka aonekane mrefu kwa kumfupisha mwenziwe.

Na kwa nini aliaminiwa? Kwa sababu nyingi, lakini moja yataka kutajwa usiku huu. Katika miaka ya 1970, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watu waliokamatwa huko Shinyanga walifia mikononi mwa askari. Hakuwapiga yeye, wala hakuamrisha wapigwe. Lakini askari walikuwa chini ya wizara yake, naye akajiuzulu. Akapelekwa kuwa Balozi nchini Misri. Wako waliodhani kuwa habari yake imekwisha. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka uliofuata akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Mtu aliyekubali kubeba kosa ambalo mkono wake haukulitenda, watu walimwona kuwa anafaa kubebeshwa nchi. Mimi na mifuko yangu 200 ya saruji tulipata somo hapo.

La tatu ni hali ya yule aliyepitwa. Kila anapoteuliwa mmoja, yuko mwingine aliyestahili akaachwa, naye bado yumo kazini, na kila asubuhi hukuamkia. Msimwogope mtu huyo wala msimdharau. Sayyidna Khalid bin Walid, upanga uliowatia hofu maadui, aliondolewa katika uamiri na Sayyidna Omar (R.A.), na uamiri akapewa Abu Ubayda. Khalid hakususa, alibaki akapigana chini ya Abu Ubayda. Aghalabu sisi husifu utii wa Khalid, na ni haki yake. Lakini tumsifu na Abu Ubayda, ambaye hakumfanya Khalid kuwa mtu mdogo. Aliutumia ujuzi wake na akamhifadhia heshima yake. Mzee wangu wa ghala hakunidai cheo. Alitaka asikilizwe tu, nami hilo nililimnyima bure.

La nne ni kuwaachia watu kazi uliyowapa. Mtume (S.A.W.) alimweka Usama bin Zayd, kijana mdogo, kuwa amiri wa jeshi lililokuwamo wakubwa wa masahaba, na wako walionung'unika. Mtume alipofariki, Sayyidna Abubakar alilituma jeshi lile lile na amiri wake yule yule. Alitoka kumsindikiza, khalifa akienda kwa miguu na kijana amepanda mnyama. Na alipotaka Sayyidna Omar abaki Madina amsaidie, hakumtoa kwa amri. Alimwomba Usama ruhusa, kwa sababu Omar alikuwa askari wa Usama. Khalifa wa Waislamu anamwomba ruhusa kijana! Basi nawe mwalimu mkuu, ukimpa mwalimu darasa, usiingie ukamsahihisha mbele ya watoto. Nawe msimamizi wa karakana, ukimpa fundi injini, usimnyang'anye spana mkononi.

La tano ni zito, nalo ni zawadi na jamaa. Alikuwapo mtu, Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume (S.A.W.) kukusanya zaka. Aliporudi akatenga: hiki chenu, na hiki nimepewa zawadi. Mtume alikasirika, akauliza kama mtu huyo angeketi nyumbani kwa baba yake au mama yake, zawadi hiyo ingemfuata? Kijana, kipimo hicho kitoshe. Tangu nilipokuwa Mudir nimeletewa mbuzi, nimeletewa simu, nimeletewa mafuta ya gari ambalo sina. Miaka yote niliyokuwa karani hakuna aliyewahi kunikumbuka hata kwa nazi.

Na hapa, wazee wangu na ndugu zangu, ndipo lilipo fungu lenu nililolitaja mwanzo. Ijumaa ya tatu baada ya kuteuliwa kwangu, nilisimamishwa mlangoni mwa msikiti na watu wanne, kila mmoja na kijana wake wa kuajiriwa. Neno lao lilikuwa moja: wewe ni wetu. Mmoja wao ni rafiki yangu wa damu, aliyenipokea nilipofika Juba sina hata godoro. Alitaka mtoto wa dada yake apewe nafasi ya karani msaidizi. Nafasi ile ilikuwa na mwenyewe: kijana wa hapa, si wa dini yetu, aliyefanya kibarua miaka mitatu akisubiri. Nilimkatalia rafiki yangu. Kwa miezi mitano hakuitika salamu yangu ila kwa mdomo. Yuko hapa usiku huu, ameketi safu ya mbele, na ni yeye aliyeniruhusu kulisimulia jambo hili. Namshukuru mbele yenu, maana kunisamehe kwake kulikuwa kuzito kuliko kukataa kwangu.

Ndugu zangu, sisi katika nchi hii ni wachache. Uchache huo unatuvuta tuone kuwa kila mmoja wetu apandaye ni ngazi yetu sote. Lakini hebu tutazame upande wa pili. Mnamo Februari 1960 serikali ya Jenerali Ibrahim Abboud, iliyotawala kutoka Khartoum, iliiondoa Jumapili kuwa siku ya mapumziko huku Kusini ikaweka Ijumaa. Wanafunzi wakagoma. Wako wakubwa waliodhani kuwa wameitukuza Ijumaa. Ukweli ni kwamba waliifanya Ijumaa, siku yetu tukufu, ionekane machoni mwa jirani zetu kuwa ni amri ya serikali, na hisia hizo hazikwisha upesi. Mwislamu apewaye uongozi juu ya wasio Waislamu katika mji huu hubeba kumbukumbu hiyo, apende asipende. Kila uamuzi wake hutazamwa mara mbili.

Kwetu ghalani tulipatana hivi, na aliyeleta shauri ni mzee yule yule. Siku ya Ijumaa, saa ya sala, Wakristo hushika lango na mizani, nasi huenda msikitini. Lori likiingia Jumapili asubuhi, au siku ya Krismasi, Waislamu ndio hulishusha. Hapana aliyelazimishwa na hapana aliyepoteza ujira. Naona kuwa mapatano yale yameitangaza dini yetu kwa wachukuzi wale kuliko hotuba zangu zote, hata hii.

Basi nawaombeni, msiwangoje vijana hawa watatu mlangoni mwa msikiti. Wakipita, waombeeni dua, waulizeni hali zao, na mkiona wamekosea waambieni kwa faragha. Mtu aliyepewa uongozi huanza kusifiwa na kila mtu na kuambiwa kweli na wachache. Sisi jamaa zake tuwe katika wale wachache. Anayewataka watupendelee anawataka waivunje amana, na siku watakapoulizwa juu yake, hakuna hata mmoja wetu atakayesimama kuwajibia.

Nanyi vijana, usingizi uliokupoteeni msiusikitikie sana. Mimi nawaogopea zaidi wale walalao usingizi mzito usiku wa kwanza wa cheo. Lakini ukiona umekuwa mgumu kabisa, tazama kama mfukoni mwako mna karatasi iliyokunjwa. Ikiwamo, ichane kabla ya alfajiri.

Mzee wangu amekwisha kuacha kazi. Mwaka jana alirudi kijijini kwao ng'ambo ya mto. Siku ya kuondoka alinikabidhi funguo zilizokuwa kiunoni mwake tangu Julai ile, kisha akanishika mkono, akanizungusha uwanja mzima kwa miguu, akanionyesha, hatua kwa hatua, njia za maji. Nimezichora katika daftari la ghala, ukurasa wa kwanza, ili atakayekuja baada yangu asizijue kwa hasara kama nilivyozijua mimi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu ulinzi na ujuzi, awape masikio kabla ya ndimi, awahifadhi na sifa zetu na matakwa yetu, ailinde nchi hii iliyotupokea, awape amani watu wake wote, awarehemu waliotangulia, na atujaalie siku ya hesabu tuwe katika waliotimiza amana zao. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.